Pwani ya Penwith, Cornwall bila gari: jinsi ya kuizunguka kwa miguu na basi

Kila ikifika mwezi wa nne, jua likianza kuonekana huku Uingereza, maswali ni yale yale. Nataka kwenda Cornwall ila sina gari, nitafikaje? Mabasi yapo? Njia ya majabali ni salama? Naweza kwenda na watoto? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi nouti, kwa hiyo naandika yote hapa na ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Naongelea Penwith tu, ile ncha ya mwisho kabisa kusini magharibi mwa England, kuanzia St Ives kuzunguka Land's End mpaka Penzance. Cornwall ni kubwa na siwezi kuimaliza, ila hiki kipande nakijua na kwa mtu asiye na gari ndiyo sehemu bora, kwa sababu kuna barabara moja inayofuata pwani kwa karibu na basi linapita humo. Ile njia ya miguu ni sehemu ya South West Coast Path, ambayo yote kwa ujumla ni maili 630 (zaidi ya kilomita 1,000) kutoka Minehead mpaka Poole. Usiogope hiyo namba, sisi tunachukua vipande vya nusu siku tu.

Na kanuni yangu ni moja, nitairudia mpaka uchoke: panda basi kwanza, tembea baadaye, na malizia pale penye mabasi mengi au pale unapolala. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza kutembea asubuhi kwa mbwembwe alafu jioni wanakimbizana na basi la mwisho juu ya mawe huku magoti yanauma. Ukitangulia na basi, huna unachokikimbilia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Viatu vyenye meno chini. Buti za kupanda mlima ni nzuri ila raba za kukimbilia porini zinatosha kipindi cha kiangazi. Raba nyeupe za kutokea mjini hapana, jamani. Granaiti ikilowa inateleza kama sabuni.
- Koti la mvua la kweli, lenye kofia inayofunga. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa Atlantiki utaugeuza ndani nje kabla hujapiga picha ya kwanza.
- Sweta hata kama ni mwezi wa saba. Suruali ndefu pia, nitaeleza kwa nini.
- Ramani ya karatasi, OS Explorer namba 102. Inaonyesha mpaka ukuta wa shamba. Kwenye simu weka ramani ya oflaini, mtandao kule unakata hovyo.
- Pawabanki, tochi ndogo, filimbi.
- Maji lita moja na nusu kwa mtu mzima, na chakula. Mimi nabeba chapati nimekunja na mayai na chupa ya chai ya tangawizi, maana kati ya St Ives na Zennor hakuna hata kibanda cha kuuza maji.
- Kadi ya benki ya kugusa tu, na pauni chache za noti na sarafu.
- Ratiba ya basi na jedwali la maji kupwa na kujaa, vyote viwe *screenshot* kwenye simu. Narudia, skrinishoti, sio linki.

Watoto: kuanzia miaka minane hivi wanaotembea vizuri, sawa, kwa vipande rahisi tu. Kigari cha kusukuma mtoto hakipiti kabisa, kuna sehemu unavuka kuta za mawe kwa kupanda vidato vya granaiti.

Hatua ya 1: Fika Penzance au St Ives, uweke kambi hapo

Treni kutoka London Paddington inaenda moja kwa moja mpaka Penzance, kama saa tano hivi, na Penzance ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo hata ukisinzia hupitilizi. Kuna pia treni ya usiku yenye vitanda, Night Riviera, ila usiku wa Jumamosi haiendi. Kata tiketi mapema, bei ya siku ile ile inaumiza. Anayetaka kukaa St Ives anashuka St Erth anabadilisha kwenye treni ndogo inayopita kandokando ya mchanga, kasafari kafupi ila katamu, kaa upande wa kulia.

Mimi nawashauri wanaoanza wakae Penzance. St Ives ni nzuri zaidi kwa macho lakini ina bei, na kiangazi watu wanajaa mpaka unatembea kwa kusukumana. Penzance stendi ya mabasi iko pale pale pembeni ya stesheni ya treni, unashuka huku unapanda kule.

Hatua ya 2: Jifunze ratiba ya basi kabla ya kuchagua njia

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanachagua njia ya kutembea kwanza alafu ndio wanauliza basi. Anza na basi.

Kuna mabasi ya kuzunguka ncha nzima: Penzance, St Ives, Zennor, Pendeen, St Just, Sennen, Land's End, Porthcurno, Newlyn, kurudi Penzance. Kiangazi yanakuwa mengi na mengine ni ya ghorofa yasiyo na paa juu. Kuanzia vuli yanapungua sana, na Jumapili yanapungua tena. Namba za mabasi na kampuni zinabadilika, usifuate kijitabu ulichoachiwa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Fungua Traveline au bustimes.org, weka tarehe yako halisi ya safari, angalia vitu vitatu: basi la kwanza, basi la mwisho, na pengo kati ya basi na basi. Kama pengo ni saa mbili, ujue ukilikosa moja umeumia.

Kuhusu saa. Ratiba zao ni za saa ishirini na nne, na sisi tunahesabu saa zetu. 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, sio saa kumi na saba ya kitu chochote. Najua unajua, ila ukiwa umechoka unamwambia mwenzako "basi ni saa tano" na yeye anaelewa *five* kwa sababu ameishi Leicester miaka ishirini, mnapishana. Kwenye safari kubalianeni mtaje kama ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Hatua ya 3: Angalia maji, angalia upepo

Njia yenyewe iko juu ya majabali, kwa hiyo kutembea tu hakutegemei maji. Yanakuhusu ukitaka kushuka ufukweni, na utataka, kwa sababu ukiona ule mchanga wa Porthcurno na maji ya kijani utadhani uko Nungwi, mpaka uguse hayo maji.

Aliyekulia pwani ya kwetu hili halimpi tabu, kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika hamsini, na bamvua (yale maji makubwa kuliko kawaida) inakuja na mwezi mpevu na mwezi mchanga. Kule bamvua ina nguvu, tofauti ya maji kupwa na kujaa inakaribia mita tano, na fukwe nyingi zimezungukwa na ukuta wa jabali, maana yake maji yakijaa mlango unafungwa na nyuma yako hakuna pa kupanda. Sheria ya kujilinda: shuka wakati maji bado yanatoka, na ondoka yakishaanza kurudi. Usisubiri yakufikie.

Angalizo dogo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya majedwali ya maji yanachapishwa kwa saa za GMT mwaka mzima. Kiangazi ongeza saa moja. Soma pale juu kabisa ya jedwali imeandikwaje.

Upepo soma Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Ukiona wanataja upepo mkali wa zaidi ya maili 40 kwa saa, siku hiyo baki mjini, nenda makumbusho. Mvua ya kawaida haizuii mtu, upepo ndio unaokuondoa kwenye ukingo.

Hatua ya 4: Panda basi, uende mbali

Kituo cha kijijini kinaweza kuwa nguzo tu yenye kibao, na wakati mwingine hata nguzo hakuna. Simama upande wa basi linakoelekea (wanaendesha kushoto kama kwetu, afadhali) na likionekana nyoosha mkono. Usipopunga dereva anadhani unapumzika anapita zake. Konda hakuna, unamlipa dereva mwenyewe mlangoni: mwambie unakoshuka na useme kama unataka safari moja au tiketi ya siku nzima. Safari moja kwenye mabasi mengi ya England iliwekewa kikomo cha pauni 3 Januari 2025, angalia kama bado kipo utakapokwenda. Ukipanga kupanda zaidi ya mara mbili uliza bei ya siku.

Vituo havitangazwi kila wakati, kwa hiyo mwambie dereva "naomba unishushie Zennor", au fuatilia kwenye ramani yako. Ukishuka sema asante kwa sauti, kila mtu anasema, usipotee tu kimya kimya.

Basi lisilo na paa: kaa juu kwa ajili ya mandhari, ila zile barabara ni nyembamba na matawi yanapita juu ya viti. Ukisikia mbele watu wanacheka na kuinama, inama na wewe. Na kofia ya kapelo vua.

Hatua ya 5: Chagua kipande

Nimevipanga kuanzia kile ningempa mtu wa mara ya kwanza. Usiruke mpaka wa mwisho.

*Pendeen mpaka St Just, kupitia migodi (kilomita sita saba hivi).* Hiki ndicho nakipenda kuliko vyote. Shuka Geevor, mgodi wa bati uliofungwa 1990 na sasa ni makumbusho, ukiwa na muda ingia uvae helmeti ushuke kwenye mashimo ya zamani. Toka hapo telemka Levant, mgodi mwingine wa zamani, endelea Botallack ambapo kuna majengo mawili ya mawe yamekaa chini kabisa kwenye mwamba juu ya mawimbi, unajiuliza waliyajengaje pale. Watu walichimba bati na shaba mpaka chini ya bahari yenyewe, njia za Levant zilienda zaidi ya kilomita moja chini ya sakafu ya bahari, wachimbaji walisikia mawe yakiviringika juu ya vichwa vyao siku za dhoruba. Tarehe 20 Oktoba 1919 mtambo uliokuwa unapandisha na kushusha watu ulikatika, wakafa 31. Nimeona nikuambie kabla hujapita pale. Sehemu yote hii iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006. Unamalizia Cape Cornwall, rasi yenye bomba la moshi juu yake, alafu unapanda barabarani kama maili moja kwenda St Just, na St Just kuna mabasi ya Penzance ya moja kwa moja. Onyo: usitoke kwenye njia hata hatua mbili kwenda kujisaidia. Kuna mashimo ya migodi ya zamani, mengine yamefunikwa na vichaka tu. Ukiona kizingo cha mawe cha duara, ndani yake ni shimo.

*Lamorna mpaka Penzance (kilomita tisa hivi).* Mfano kamili wa kanuni yangu: basi linakushusha juu barabarani, unateremka bonde la Lamorna mpaka bandari ndogo, alafu unatembea kurudi nyumbani kwa miguu, basi la mwisho halikuhusu. Nusu ya kwanza ni mawe na kupanda kushuka, ukifika kijiji cha Mousehole (wenyewe wanatamka "Mauzel", ukisema vingine dereva anakuangalia) ugumu umeisha, kutoka hapo ni barabara ya lami kandokando ya bahari kupitia Newlyn, bandari ya samaki. Wenye hamu ya hesabu, pale Newlyn ndipo usawa wa bahari wa Uingereza ulipopimwa kati ya 1915 na 1921, urefu wa kila mlima kwenye ramani yako unahesabiwa kutoka hapo.

*Porthcurno mpaka Land's End, ukiweza mpaka Sennen Cove (kilomita tisa, na mbili za nyongeza).* Unapanda ngazi kali za jabali kutoka ufukweni mpaka Minack, ukumbi wa michezo ya kuigiza uliochongwa kwenye mwamba, Rowena Cade aliuanzisha na mchezo wa kwanza ulichezwa 1932. Kama mtu anaogopa urefu hizo ngazi zina njia mbadala ya barabara, zungukeni, hamna aibu. Kabla hujaondoka Porthcurno pitia makumbusho ya simu. Waya wa kwanza wa telegrafu ulitua ufukweni pale 1870, na waya ulipofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 Unguja nayo ikaungwa kwenye mtandao huo huo. Yaani bei za karafuu na habari za Sultani zilipita chini ya mchanga unaokanyaga. Sijui kwa nini hakuna anayetuambia hili.

Land's End yenyewe, sitakudanganya, pale katikati ni maduka. Kuingia kwa miguu ni bure, wanaotozwa ni wenye magari kwenye maegesho. Uzuri wake ni kilomita tatu kabla ya kufika, ghuba ya Nanjizal na miamba iliyosimama. Piga picha huko, ukifika kwenye maduka nunua chai upande basi.

*Zennor mpaka St Ives (kilomita kumi, mpe saa nne mpaka tano).* Huu ni wa mwisho kwa sababu ni mgumu kweli. Sio mrefu, ni mgumu: matope yasiyokauka hata kiangazi, mawe makubwa unayopanda kwa mikono, mabonde unashuka na kupanda, na kati ya Zennor na St Ives hakuna njia fupi ya kutoka kirahisi. Kabla ya kuanza ingia kanisani Zennor uone kiti cha mbao chenye nguva aliyechongwa, mkononi ana kioo na kitana. Unamalizia St Ives kwenye treni na samaki na chipsi. Huo samaki ukishika nje angalia juu, shakwe wa St Ives ni majambazi, anakuchomolea mkononi huku unamwangalia.

Hatua ya 6: Hesabu muda kwa ukweli

Kwenye lami unatembea kilomita tano kwa saa. Hapa weka mbili na nusu. Weka na muda wa kula, picha, na yule mmoja kwenye kundi anayefunga kamba za viatu kila baada ya dakika kumi. Ukipata jibu, angalia jua linazama saa ngapi: mwezi wa sita lipo mpaka saa tatu na nusu usiku, mwezi wa kumi na mbili linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Kama hesabu inakupeleka gizani, fupisha.

Hatua ya 7: Tembea, fuata tunda la mwaloni

Alama ya njia ni tunda la mwaloni, kitu kidogo cha mviringo chenye kikofia, limechorwa kwenye nguzo za mbao na mawe. Bahari iwe upande ule ule muda wote: ukitoka Porthcurno kwenda Land's End iko kushoto kwako, ukitoka Zennor kwenda St Ives iko kushoto pia. Ikihamia upande mwingine umegeuka. Njia ikigawanyika na huoni alama, chukua ile iliyokanyagwa zaidi ila sio ile inayoenda ukingoni, hiyo ni ya wapiga picha na wavuvi.

Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ng'ombe wakiwa na ndama usipite katikati yao, zunguka mbali. Na zile suruali ndefu nilizosema: pembeni ya njia kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya njano vinavyochana miguu, kupe wapo kwenye magugu marefu, na siku za jua nyoka adder anaota jua kwenye njia. Ndiye nyoka pekee wa sumu Uingereza, ni mwoga, piga hatua nzito ataondoka mwenyewe. Jioni jikagueni kupe, nyuma ya magoti na kiunoni.

Makosa ninayoyaona sana

Kusogea ukingoni kwa ajili ya selfi. Ukingo wa jabali unaning'inia, juu nyasi zinaonekana imara kumbe chini ni hewa. Kaa mita tano nyuma, picha itatoka tu.

Kusimama kwenye mwamba wa chini kuangalia mawimbi. Mawimbi ya Atlantiki hayalingani, yanakuja madogo kumi alafu moja linakuja na kukuchukua. Jiwe likiwa limelowa, maana yake maji yanafika hapo.

Kuogelea popote. Ogelea palipo na walinzi, katikati ya bendera za nyekundu na njano, kwisha. Aliyezaliwa Tanga akaogelea tangu utotoni ndiye namhofia zaidi, maana anajiamini na hajazoea maji ya nyuzi 12 yanayokata pumzi dakika ya kwanza.

Kudhani utapiga hema popote usiku ukiingia. Cornwall huruhusiwi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Tafuta kambi ya kulipia au hosteli.

Mambo yakienda kombo

*Basi halikuja.* Subiri dakika ishirini kwanza, kiangazi linakwama nyuma ya matrekta na magari ya watalii yaliyoshindwa kupishana. Angalia bustimes.org, mara nyingi inaonyesha basi liko wapi kwa wakati huo. Kama ndilo la mwisho na halipo, tembea mpaka kijiji kilicho karibu chenye baa, St Just, Pendeen, Zennor, uwaombe wakuitie teksi. Teksi huko zinachelewa na zina bei, kwa hiyo kama ni kiangazi na kuna basi moja tu limebaki, lichukulie kama halipo na ulenge lile la kabla yake.

*Basi limejaa limepita.* Hutokea Agosti. Kama kuna basi la kuelekea upande wa pili lichukue, mzunguko ni mmoja, utafika Penzance kwa njia ndefu zaidi. Uliza dereva kwanza kama anamaliza mzunguko wote.

*Ukungu umeingia.* Unakuja kutoka baharini ndani ya dakika chache na huoni nguzo inayofuata. Simama, kaeni pamoja, fungua ramani. Usikate njia kwenda baharini "kusikiliza mawimbi". Kama kuna njia ya kupanda bara kwenda barabarani, ichukue. Barabara ya St Ives mpaka St Just iko kama kilomita moja tu kutoka ukingoni sehemu nyingi, ukiingia bara utaikuta.

*Mguu umeteguka.* Kaa chini mbali na ukingo, vaa kila nguo uliyonayo kwanza, baridi ndiyo inamaliza watu kabla ya maumivu. Kama hawezi kukanyaga, piga 999, omba Coastguard (walinzi wa pwani), usiseme polisi wala ambyulensi, ukiwa pwani hao ndio wenye kamba na helikopta. Wape namba za gridi, zile zinazoonyesha ulipo, kutoka kwenye apu ya ramani. Hamna mtandao wa laini yako? Jaribu hivyo hivyo, simu ya dharura inabebwa na mtandao wowote ulio karibu. Meseji nayo inafanya kazi kama sauti haipiti, ila lazima uwe umejisajili kabla: tuma neno *register* kwenda 999 ukiwa bado nyumbani, ufuate maelekezo wanayokurudishia. Fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

*Simu imekufa na mko peke yenu.* Filimbi: puliza mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya hivyo hivyo kwa tochi.

*Maji yamewafungia ufukweni.* Msijaribu kupanda jabali, na msijaribu kuzunguka rasi kwa kuogelea. Pandeni mawe ya juu kabisa mnayoweza kufika kwa usalama, 999, Coastguard, mkae hapo hapo. Maji yatarudi nyuma baada ya saa kadhaa hata asipokuja mtu, ila piga simu.

*Mmechoka katikati ya kipande.* Kati ya Porthcurno na Land's End kuna Porthgwarra, kibanda cha chai msimu wa kiangazi na kibarabara cha kutokea bara. Kwenye kipande cha migodi unaweza kutoka Levant au Botallack, dakika kumi na tano uko barabarani kwenye basi. Zennor kwenda St Ives ndiyo nilishasema, ukipita saa ya kwanza na tayari unahema, geuka urudi Zennor, kuna baa ya Tinners Arms ukae ndani usubiri basi ukiwa umekauka.